Ushoroba wa Amber Nyumbani Kwetu Umbilo

Namhimidi Mola aliyeuweka moyo nyuma ya mbavu, mahali ambapo jirani hauoni, mume hauoni, mke mwenza hauoni, ila Yeye peke yake. Namwombea rehema na amani Mtume wetu, aliyeishi na wake zake katika vyumba ambavyo kila mlango wake ulijulikana, na nawaombea ahali zake na masahaba zake. Na kwa umri alionipa Mola, macho ambayo bado yanasoma, na wanangu walio hai, nashukuru kabla sijasema lolote.

Nataka kueleza jinsi nilivyokaribia kuiacha ndoa ya zaidi ya miaka thelathini kwa sababu ya ushoroba mwembamba wa matofali. Ushoroba huo haukutoka Bujumbura kwetu, wala haukuwa wa hapa Durban. Ulitoka katika jumba la wafalme wa Kirajput, huko Amber, nchi ya India, jumba ambalo mimi wala mume wangu hatujawahi kukanyaga.

Mimi ni wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, akanisomesha Kurani na fikihi pamoja na kaka zangu, tena mimi kwa ukali zaidi. Tulipofika Durban kama wakimbizi niliendelea na kazi hiyo: wanawake walikuja sebuleni kwangu baada ya Alasiri, Warundi, Wakongo, Watanzania, wengine na nywele za watu bado mikononi kwa sababu wametoka saluni mbiombio. Mume wangu ni fundi uashi. Hapa hakuna aliyemwuliza cheti. Walimpa mwiko na pima maji, wakamtazama anavyoshika, wakamwajiri.

Mwaka mmoja hivi baada ya Kombe la Dunia lililochezwa hapa alipata kazi Berea, mtaa wa juu hapa Durban, kwa mjane wa Kihindi ambaye zamani alifundisha historia ya ujenzi. Nyumba ilikuwa ya kizamani, na veranda yake ilitazama bandari yote. Mtu mwingine angelipa ili aone bandari ile kila asubuhi. Yule mama alitaka kubomoa katikati ya nyumba, atengeneze ua, na vyumba vyote vigeuke vitazame ndani. Majirani walidhani uzee umemwingia vibaya. Mume wangu alimwelewa siku ileile. Sisi tumezaliwa katika nyumba ambazo barabarani zinaonyesha ukuta tu. Kupika, kufua, kugombana na kupatana vyote viko uani.

Ukoo wa yule mama ulitoka pande za Rajasthan, na Amber ndiyo iliyokuwa kazi yake ya maisha. Saa ya chai alikuwa akimkalisha mume wangu kwenye kiti, na saruji yake nguoni, akimfunulia picha na ramani. Nami nilikuwepo mara nyingi, kwa maana mume wangu ana sukari na nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Kiingereza changu si kikubwa, lakini mtu anayependa jambo huliongea polepole.

Alitueleza kwamba jumba la Amber liko mlimani, juu ya ziwa, na halikujengwa kwa mara moja. Sehemu ya kale kabisa ni ile ya ndani, mwisho kabisa. Kwa nje ni kuta nzito za ngome zenye matundu madogo. Kwa ndani ni ua mkubwa, na kuuzunguka ua huo ni vyumba vya wake wa mfalme, kila mke na vyumba vyake, mlango wake, ngazi zake. Katikati ya ua mfalme aliweka kibanda cha nguzo, wazi pande zote. Warithi wake waliofuata walikwenda kuwatumikia masultani wa Kimogoli, wakaziona bustani zao na kuta zao za vioo, wakarudi na tamaa. Wakajenga ua wa pili mbele ya ule wa kale: bustani katikati, upande mmoja ukumbi uliopambwa vipande vya vioo hata taa moja ionekane kama mia, upande wa pili chumba chenye mfereji wa maji ya kupoza hewa. Mbele yake tena wakajenga ukumbi wa nguzo nyingi ambapo raia walileta mashtaka yao, na mbele ya huo, uwanja wa askari na farasi. Kwa hiyo jumba lilikua likitoka ndani kwenda nje, na mgeni wa leo huliingia kinyume, anaanza na kipya na kumalizia kwa wanawake. Mwisho, mfalme mmoja akaona mlima umekuwa mdogo kwake, akashuka bondeni na kujenga mji mzima, Jaipur, na jumba lake huko nalo likawa ua baada ya ua.

Yale mawe ya kutobolewa ndiyo yaliyompendeza zaidi mume wangu. Kuta nzima zilikuwa za jiwe lenye matundu ya maua na nyota, upepo unapita, mwanamke anaona nje, wa nje hamwoni yeye. Alirudi nyumbani akivisifu vile vitundu kuliko alivyowahi kuzisifu sambusa zangu. Asubuhi Amber, jioni Amber. Nikimwambia kodi ya maji imepanda, ananiambia wafalme wale walivuna maji ya mvua kwenye mapaa. Nilianza kuliona gere jumba la watu waliokwisha kufa. Siku moja nikamwambia, "Kama unampenda hivyo huyo Amber, mwoe basi." Alicheka, kisha kicheko kikakatika mapema kuliko ilivyostahili. Neno kuoa lilikuwa tayari liko mdomoni mwake, nami nikamsaidia kulitoa.

Aliyemtaka alikuwa mwanafunzi wangu.

Alikuwa mjane wa Kikongo, Mwislamu wa Kasongo, msusi katika saluni moja ya Umbilo Road. Umri wake ulikuwa wa kati, wala hakuwa binti wa kunitia aibu, na tabia yake ilikuwa njema. Hilo ndilo lililoniudhi: sikuwa na la kumshika. Tena alikuwa na sauti. Katika wanawake wote niliowasomesha hapa hakuna aliyesoma Sura ya Rahman kama yeye. Sauti ile niliitengeneza mimi, herufi kwa herufi, nikimshika hata kidevu kumwonyesha ulimi ukae wapi. Sasa nilimsikia akisoma na nikajiuliza kama mume wangu alikuwa anasikiliza kutoka chumbani siku zote zile, na mimi nikidhani amelala.

Mume wangu alifuata njia. Alimleta imamu, akanieleza mbele yake, akaahidi uadilifu. Nami ningesema nini, niliyewafundisha wenzangu kwamba jambo hili ni halali kwa mwenye kuweza haki? Nilisema ndiyo. Ulimi ulifika mapema, moyo ulikuwa bado unatafuta viatu.

Wakaoana, na mwanzo haukuwa mbaya. Mwenzangu alikaa chumba cha juu ya duka, karibu na saluni, na sisi fleti yetu ilikuwa mitaa michache kupanda. Zamu zilijulikana. Siku yake ikifika, mume wangu alikuwa akitia kanzu yake ndani ya mfuko wa plastiki baada ya Magharibi, akisema, "Haya Mwalimu, tutaonana." Nilikuwa nikiuchukia ule mfuko. Lakini niliujua. Siku ya mfuko niliumia, siku isiyo ya mfuko nilipumzika, na Mola alinijalia kuyamudu yote mawili. Nilipowafundisha wanawake habari za nyumba ya Mtume, jinsi hata Mama wa Waumini mmoja alivyovunja sahani ya mwenzake kwa wivu, wote waliinamisha macho, na yeye aliinamisha zaidi. Tukaendelea na somo.

Kisha ikaja nyumba. Mwenyewe alikuwa mzee aliyehamia mji mwingine, akamwachia mume wangu akae na kuitengeneza. Ilikuwa Umbilo, nyumba ndefu ya zamani. Mbele veranda na vyumba vya kuishi, nyuma safu ya vyumba ambavyo zamani walilazwa watumishi, na kati ya mbele na nyuma, ua. Ua mtupu wa simenti iliyopasuka. Mume wangu alisimama katikati yake akageuka pande zote kama mtu anayetafuta kibla, nami nikajua Amber imetufikia.

Alinipa mimi vyumba vya mbele na mwenzangu vya nyuma, navyo alivitengeneza vizuri kwa usawa, sisemi uongo. Tulipohamia sote, kulikuwa na kazi moja imebaki, upande wa ukuta wa jirani. Alisema ni stoo. Matofali yalipanda, bati likawekwa juu, na kwa upande wa uani akajenga ukuta wake wa vitundu, matofali yamepangwa kwa nafasi, mazuri kama kitambaa cha kufumwa. Siku alipomaliza alitualika kwa chai na kutufungulia. Haikuwa stoo. Ulikuwa ushoroba, upana wa mtu mmoja, unaoanzia chumba chake cha zana ubavuni mwa nyumba. Mlango mmoja uliingia chumbani kwangu. Mwingine uliingia chumbani kwa mwenzangu.

Alitueleza kwa furaha. Yule mfalme aliyelianza jumba la Amber, katika ule ua wa kale wa wake zake, alijenga ushoroba wa namna hiyohiyo, unaopita nyuma ya vyumba vyote. Mfalme alikwenda kwa mke amtakaye na hakuna mwingine aliyeona kaenda wapi.

"Mwalimu, kinachowaumiza ni macho," aliniambia. "Jicho likiniona natoka, moyo unauma. Sasa hakuna atakayeona. Haki ni ileile, zamu ni sawasawa, ila nitazichanganya, msiweze kubahatisha. Wale walikuwa wake wengi kabisa na hawakugombana."

Nilimwuliza amejuaje kwamba hawakugombana. Akaniambia jumba bado limesimama.

Mwenzangu alitazama chini ndani ya kikombe chake. Nilidhani anaficha furaha.

Sasa niseme jinsi wivu unavyofanya kazi usipopewa siku yake. Zamani ulikuwa na saa zake, kama mgeni mwenye adabu. Sasa ukahamia na mizigo. Kila siku ilikuwa labda. Nililala nikisikiliza ukuta. Kikohozi nyuma ya matofali kilikuwa kinakuja au kinakwenda? Maji yakimwagika kwenye bomba la nyuma baada ya adhana ya alfajiri ya simu yangu, ni ya nani, na kwa nini yanamwagwa mengi hivyo? Niliinusa kanzu yake kwenye kamba ya nguo nikitafuta sabuni isiyo yangu, na wote wawili tulikuwa tunanunua sabuni duka moja. Mwenzangu akija darasani na macho yamevimba nilisema moyoni, amekesha naye. Akija amechangamka, nilisema vilevile. Akisoma Rahman kwa ile sauti, nilitamani akosee hata irabu moja nipate kumrudisha. Hakukosea.

Na mume wangu alitimiza ahadi. Zamu zilikuwa sawa, kwa hesabu yake. Ila hesabu ilikuwa kichwani mwake tu, na mlango wa ushoroba ukifunguka kwangu sikufurahi tena. Nilianza kupima ni muda gani haujafunguka.

Nilimwambia mapema. Ilikuwa Rajabu imekwisha kuandama, tumekaa jikoni. Nilimwambia kwamba mwezi wa Ramadhani ukionekana na ushoroba huu bado umesimama, nitafuturu Pretoria kwa binti yetu, na sitarudi, wala si kwa hasira. Nina umri wa kutosha kujua ninachosema.

"Ushoroba ni matofali, Mwalimu," alisema.

"Basi ni rahisi kuvunja."

Akasema ninaongea kwa wivu. Nikamwambia ndiyo, ningeongea kwa nini kingine. Akainuka akaenda kuchanganya saruji yake, na kwa siku kadhaa aliongea nami kama mtu anayeongea na afisa wa karatasi za ukimbizi.

Nikaona nipate yakini. Nikipika nilichota konzi ya unga wa muhogo, nikaunyunyiza sakafuni mwa ushoroba, karibu na mlango wangu, upande unaoelekea kwa mwenzangu. Nilitaka kuona nyayo zimekwenda wapi. Kesho yake hapakuwa na kitu cha kusomeka, kwa sababu ushoroba ulikuwa na giza na macho yangu hayakuwa ya ujana. Nikaongeza.

Asubuhi moja mume wangu alirudi kutoka msikitini akiwa ameshika viatu mkononi. Mimi nilikuwa naanika shuka, mwenzangu alikuwa anafagia mbele ya mlango wake kabla ya kwenda saluni. Alisimama katikati ya ua, akainua unyayo mmoja kama jogoo. Ulikuwa mweupe. Alisema watu wa safu ya nyuma yake wamesali wakitazama miguu yake, na mzee mmoja amemwuliza kama siku hizi anaoka mikate.

"Huu unga ni wa nani?" aliuliza.

Mimi nikaendelea kubana shuka kwenye kamba. Akarudia. Mwenzangu aliacha kufagia, akasema haraka, kabla akili haijamfikia, "Unga si wangu. Yangu ni poda."

Ilikuwa poda ya saluni, ile ya kupiga shingoni mtu akimaliza kunyolewa. Ndiyo maana ushoroba ulikuwa unanukia, nami nilikuwa nimekwisha kuihesabu harufu ile kuwa ushahidi wangu mkubwa.

"Na unga ni wangu," nilisema.

Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alivaa viatu vyake na unga wake, akaenda kazini bila chai.

Tukabaki wawili, na shuka katikati yetu. Alikuwa wa kwanza kusema.

"Mama Mwalimu, na wewe?"

"Na mimi."

"Eish. Mi nilizani wewe unalala. Wewe iko na dini."

"Dini ninayo. Usingizi ndio sina."

Alicheka, nami sikutaka kucheka, nikacheka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei asiyotaka kuisikia, kwamba juzi nilifurahi? Nikamwuliza nifurahi nini. Akasema juzi si bwana alikuwa kwangu. Nikamwambia juzi hakuwa kwangu. Juzi nilimsikia anakohoa, nikasikia mlango wa nyuma, nikajua yuko kwake.

"Kwangu hapana," alisema. "Mi nimelia mpaka mto umelowana, nikisema iko kwa Mama Mwalimu, wanaongea Kirundi yao, wananicheka."

Tulikaa kwenye ukingo wa karo tukaanza kukumbushana, usiku huu na ule. Ukatokea mmoja ambao hakuwa kwangu wala kwake, kisha mwingine, na mwingine. Tukaenda chumba cha zana, tukawasha taa. Nyuma ya mifuko ya saruji kulikuwa na godoro jembamba na blanketi, na kopo la mafuta anayojipaka miguuni sukari inapomsumbua. Mume wetu alikuwa akichoka, na kwa kuwa hakuna anayejua yuko wapi, usiku mwingine alikuwa akilala hapo peke yake. Wote wawili tulikuwa tumeionea wivu mifuko ya saruji.

Ningependa kuandika kwamba wivu wangu ulikwisha pale karoni. Haukwisha. Ulichukua sura nyingine: nilimtazama mwenzangu na kuona kwamba amelia kwa ajili ya mume wetu, machozi ya kweli, na mimi miaka yote nilidhani machozi hayo ni yangu peke yangu kuyalia. Hilo liliniuma kuliko kanzu. Lakini tulikuwa tumekubaliana jambo moja. Ushoroba uondoke. Yeye alisema, atamwambia vipi bwana, naye ni mke mdogo. Nikasema mimi nimekwisha kumwambia na hakusikia; kwa sasa anasikia Amber tu.

Basi nikaenda Berea. Ile nyumba ilikuwa imekwisha, ua wake umetulia katikati na malimau kwenye vyungu, na yule mama alinikaribisha kwa chai ya maziwa yenye iliki. Nilimweleza yote, kwa Kiingereza changu cha kuvunjikavunjika, hata ya unga. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Alisema alikuwa akimwonyesha mume wangu ule ukurasa wa ushoroba na mume wangu akainuka palepale akaanza kupima kwa mikono hewani, hakungoja ukurasa wa pili.

Nikamwuliza, waliokuja baada ya yule mfalme walifanyaje?

Akanifungulia ramani tena na kuweka kidole. Ule ua wa pili, wenye bustani na vioo, ndipo mfalme alipohamia yeye mwenyewe. Alijitoa. Jumba lote la kale wakaachiwa wanawake, na ule ushoroba ukabaki bila kazi. Akanionyesha na kile kibanda cha nguzo, akasema hicho ndicho kilichodumu na maana yake: wanawake walikutana hapo, wazi, kila mmoja anaonekana na wote.

"Kuhusu wake wenyewe sijui," alisema. "Hakuna aliyewaachia nafasi ya kuandika. Kila nilipopita kwenye ushoroba ule, nilijiuliza ni nani aliyekuwa macho upande wa pili wa ukuta, akisikiliza."

Nilishuka kwenye taxi, yaani basi dogo la abiria la hapa, pale robot, taa za barabarani za Umbilo Road, nikatembea nikilia, nikilia kwa ajili ya malkia wa Kihindu wa zamani ambao hata dini yangu si yao. Niliwaonea wivu hata wao, kwamba walikuwa wengi na pengine walizungumza.

Ijumaa baada ya Alasiri tulimkalisha mume wetu uani. Nilitandika mkeka, mwenzangu akaleta chai isiyo na sukari. Nilimwambia habari za ua wa pili kama nilivyozisikia, naye alisikiliza kwa sababu zilikuwa za Amber. Nilipofika mahali mfalme anahama, akasimamisha kikombe.

"Kwa hiyo mnanifukuza?"

"Tunakujengea ua wako," nilimwambia. "Ile veranda ya mbele iwe chumba chako. Ulale hapo ukichoka, tujue umechoka. Siku ya zamu uvuke huu ua kwa miguu yako, mchana kweupe au taa imewaka, tukuone."

"Nilitaka msione. Nilitaka msiumie."

"Tutaumia. Mola amekuamrisha uadilifu, hakukuamrisha giza. Mtume alikuwa na vyumba vya wake zake kandokando ya ua wa msikiti, na kila mke aliijua siku yake na ya mwenzake. Yeye ndiye mbora wetu, na hakuhitaji ushoroba."

Mwenzangu, ambaye siku zote alinyamaza mbele yake, aliweka birika chini.

"Kama taxi," alisema. "Taxi iko na njia yake, kila mtu anajua inaenda wapi. Isiyo na njia, eish, hakuna anayepanda."

Mume wetu alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona ameumia kweli. Alikuwa ametuletea zawadi, kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kujenga kwa ajili ya watu wake mwenyewe, na tulikuwa tunamrudishia. Aliuliza Ramadhani imebaki muda gani. Nikamwambia anajua.

Siku zilipita. Nilianza kukunja nguo zangu, polepole, za Pretoria. Sikumtisha; nilikuwa nakunja tu. Shaabani ilipokaribia kwisha, Jumapili asubuhi, nilisikia nyundo. Alianzia katikati, kwenye vile vitundu vyake, akiyatoa matofali moja moja na kuyagonga chokaa bila kuyapasua. Hakutaka kusaidiwa. Mwenzangu alitoka na kitambaa kichwani, akaanza kuyapanga kando ya ukuta, nami nikatoka nikayapanga pamoja naye mpaka Adhuhuri. Milango miwili aliiziba wiki ileile. Veranda akaiwekea vioo na kitanda.

Sikwenda Pretoria. Binti yetu aliniuliza kwenye simu kwa nini nimeghairi, nikamwambia babake ana ujenzi.

Jioni ya kwanza ya Ramadhani ilikuwa zamu ya mwenzangu. Tulifuturu sote uani, uji na tende na maandazi. Baada ya kusali mume wangu alitoka chumbani kwake mbele, kanzu imepigwa pasi, akavuka ua chini ya taa. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nachambua mchele. Aliponifikia alinisalimu kwa salamu kamili, nikaitikia kwa iliyo kamili kuliko yake. Akaendelea. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na nikasikia mwenzangu akimkaribisha kwa ile sauti niliyomfundisha mimi. Moyo ulinibana pale pale unapobana siku zote. Nikaendelea na mchele mpaka sinia ikaisha, nikaingia ndani, nikasoma nilichojaliwa kusoma, na nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu tuhamie.

Bado tuko Umbilo, sote watatu, na darasa langu bado linaendelea, naye bado anasoma kuliko wote. Bado naona gere. Ninalo, na siku zake nazijua, alhamdulillahi.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe nyumba yenye upepo na mlango unaojulikana. Akukinge na shaka isiyo na saa, akupe majirani wa kukucheka kwa upendo, na kama moyo wako umebanwa na kitu cha mwenzio, Yeye aliyeufunika kwa mbavu aushike kwa upole hadi ulale. Amina.